Siku yangu stesheneri, na mzee aliyepima ukuta usiku

Saa 11 na nusu alfajiri nshaamka, mswaki, maji, mbio kituoni, maana kutoka Chamazi ukichelewa kidogo tu unaning'inia mlangoni mpaka Rangi Tatu.

Saa 2 nafungua. Kopi za kitambulisho, kopi za cheti, pasipoti saizi, hapo hakuna la kusimulia.

Saa 4 zinaanza sivii. Jamani zile sivii! Leo nimechapa tatu, zote "mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma", ukinichanganyia karatasi siwezi kukwambia ipi ya nani, na wenyewe walikuwa wamekaa pale pale kwenye benchi, watu tofauti kabisa.

Saa 6 hivi kaingia mzee mmoja, barua ya serikali ya mtaa, jirani kajenga. Nikamwambia haya mzee wangu, sema nachapa. Akasema taratibu, "Jirani yangu ni mtu mzuri, ila ukuta wake umeingia kwangu hatua tatu, nimepima mwenyewe, usiku, yeye akiwa amelala." Nikachapa yote. Akainama kwenye skrini, akanyamaza kidogo, "hiyo ya usiku itoe, mwanangu." Nikaitoa, barua ni yake. Lakini mtu mzima nilishamjua: adabu yake, uoga wake, na kwamba ile ardhi inamnyima usingizi. Hajasema "mimi ni mpole", angesema hivyo ningechapa tu kama zile sivii.

Saa 9 umeme ukakata, nikakaa nje na soda nikimuwaza mzee.

Saa 3 usiku, nyumbani, nafungua hadithi yangu ambayo imekwama wiki ya pili sasa. Kuna Bi Chausiku humo, nilimpa mistari sita: bahili, mkono wa birika, roho ya korosho, yaani nilimtukana mpaka nikachoka mimi, na bado haonekani. Nikafuta yote sita (iliniuma, ule wa birika nilikuwa naupenda). Nikaandika na kufuta karibu saa nzima, ikabaki hii:

"Bi Chausiku aliwaaga wageni mmoja mmoja kwa majina, akawaombea safari njema, kisha akarudi ndani kuhesabu vijiko."

Nikampa mdogo wangu simu asome. Kacheka weee, halafu akanigeukia, "Kaka, shangazi anajua umemwandika?"

Na shangazi sijamtaja popote.