Nililipa mia tano kuona ndege zikishindana Kisumu

Wacha niandike hii kitu sasa hivi kabla hasira ipoe. Poster ilikuja kwa grupu yetu ya WhatsApp, sisi wa Nakuru tunaoendaga Soysambu kula vumbi la Safari Rally tangu irudi 2021. Kwa picha kuna ndege imelala ubavu katikati ya nguzo mbili, chini maji, na juu imeandikwa MBIO ZA NDEGE LAIVU KISUMU, kiingilio 500, VIP 1,500. Mimi nikaona maji, nikaona ndege, nikamalizia hesabu mwenyewe kwamba hilo ni ziwa letu. Wenzangu watatu wakasema tuko pamoja, Jumamosi asubuhi nikajikuta steji peke yangu.

Konda alisema mia nane. Nikishakaa na mlango umefungwa ikawa elfu moja, ati ni wikendi. Nilikalishwa kale kakiti ka katikati kasikokuwa na pa kuegemea mpaka Kericho, na hapo nyuma sina la kusema kwa sababu niliona migongo ya watu tu.

Kisumu saa sita lile joto. Nikamwambia kijana wa boda nipeleke kwa mashindano ya ndege. Akauliza, "Ngege?" Nikamwambia ndege bana, si samaki. "Aa, ndege ziko airport," na kabla nimjibu tumeshaondoka. Askari wa getini akacheka mpaka akashika ukuta. Mia mbili kwenda, mia mbili kurudi.

Penyewe palikuwa ni kiwanja nyuma ya hoteli fulani karibu na ziwa. Tenti mbili, viti vya plastiki, spika kubwa, na shuka jeupe limefungwa kwa vyuma viwili. Nikaangalia juu, hakuna ndege. Nikaangalia ziwani, ni mitumbwi. Kumbe ni projekta. Mbio zenyewe zilirekodiwa Marekani kitambo, na nilipomuuliza MC hiyo laivu iko wapi akanionyesha DJ. Na hata hiyo projekta yenyewe haingeonekana, saa nane mchana jua limepiga shuka lote, unaona vivuli vinapita kama nzi nyuma ya pazia. MC akatangaza tusubiri jua lishuke. Pesa harudishi.

Ningeenda zangu kama si mzee aliyekuwa amekaa kando yangu na Stoney baridi. Alikuwa fundi wa ndege pale uwanja wa Wilson, Nairobi, miaka mingi mpaka akastaafu, na majarida ya mbio alikuwa anasoma yale marubani walikuwa wanayaacha hanga. Nikalalamika kwake kuhusu poster. "Kijana yangu," akasema (nina miaka arobaini na moja), "hata hiyo picha si ya hizi mbio watakuonyesha." Ile ya kwa poster ni ya Red Bull, iliyoanza 2003 ikafungwa 2019. Kule ndege ilikuwa inaruka peke yake ikishindana na saa, na zile nguzo zilikuwa kitambaa kilichojazwa hewa, urefu kama mita 25, bawa likigusa linachana kitambaa na rubani anaongezewa sekunde. Hizi za leo ni za Reno, jimbo la Nevada, zilipigwa pale tangu 1964 mpaka 2023, halafu 2025 zikahamia Roswell, New Mexico. Huko mbio zenyewe si za kushindana na saa. Ndege zinashindana zenyewe, bega kwa bega.

Akaomba chupa tupu kwa meza ya jirani. Akazipanga sita kwa mchanga, duara la kuvutwa kama yai, akatoa vifuniko vya soda mfukoni viwe ndege. Zile kubwa zinaanzia hewani, zimejipanga ubavu kwa ubavu kando ya ndege ya kuongoza, ikitoka njiani wakati huo ndio zimeachiliwa. Kila kona ni ya kushoto. Nguzo za Reno zilikuwa milingoti yenye mapipa juu, na ukikata ndani ya nguzo unapigwa adhabu. "Sasa angalia," akasukuma kifuniko kikapita nje ya chupa karibu kabisa, "ukienda mbali na nguzo umeongeza safari, ukija karibu sana umekata. Na uko chini, chini, hizo kubwa zinapita kilomita mia nane kwa saa." Hizo kubwa nyingi ni ndege za Vita Kuu ya Pili, kama Mustang yenye injini ya Merlin ya silinda 12. Injini ikikataa, rubani havunjiki moyo, anageuza ile spidi iwe kimo, anaivuta juu, halafu akiwa huko ndio anatafuta pa kutua. Uwanja wa Reno uko kama mita 1,500 juu ya bahari, yaani akasema uko juu kuliko Kisumu lakini chini kuliko kwenu Nakuru.

Hapo nikaelewa kwa nini watu hujaza majukwaa. Rally mimi nakaa juani tangu alfajiri, gari linapita sekunde tano, linaniachia vumbi. Kule umekaa kitako na unaona karibu duara lote.

Halafu akanyamaza, akaokota kifuniko kimoja akakifuta mchanga kwa kidole. Septemba 2011 Mustang moja, Galloping Ghost, ilianguka pale pale mbele ya watazamaji, watu 11 wakafa, rubani akiwa mmoja wao. "Nati," akasema. Kale kabawa kadogo ka mkiani kalikuwa kameshikwa na nati za kufuli zilizochakaa, skrubu zikalegea, kakaanza kutetemeka mpaka kakavunjika. "Nati ya kufuli ukishaifungua unatupa, unaweka mpya. Bei yake haifiki hii soda." Kile kifuniko hakukirudisha kwa mchezo.

Nilikumbuka nyumbani wakati huo. Nikiwa mdogo Njoro kulikuwa na ndege ya kunyunyiza dawa mashamba ya ngano, ilikuwa inashuka mpaka ngano inalala, tunaikimbilia tukipiga kelele, mama anatufuata na fimbo kwa sababu ya ile dawa. Sikuwahi kulipa hata ndururu.

Saa moja usiku picha ikaonekana, wueh, ile sauti! Dakika kumi hivi. Halafu wadudu wa ziwani wakaona taa, wakaja wote, hewa mbele ya projekta ikajaa mpaka huwezi kujua inayokata kona ni Mustang au ni mdudu. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Halafu stima ikapotea.

Nilikula ngege, mia sita, kitamu sitadanganya. Lala yangu sitaieleza.

Kurudi nilikaa mbele na dereva, elfu moja mia mbili. Baada ya Kericho akaanza kukata kona zote kwa ndani, lori likija ndio anarudi upande wake huku anaongea na simu. Nikawa nahesabu nguzo alizokata. Zilifika kumi na saba tukiwa bado hatujafika Londiani, nikavaa kofia usoni.