Asubuhi Mana Ilipokoma

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo la wiki hii ni mstari mmoja tu, Yoshua 5:12. Wana wa Israeli wako Gilgali, wamekula Pasaka, wameonja mazao ya Kanaani, na kesho yake mana, chakula walichoshushiwa na Mungu jangwani wakakiokota asubuhi, ikakoma. Miaka 40 imefungwa hapo. Hatuambiwi nani alishukuru wala nani alilia.

Mimi namfikiria kijana aliyezaliwa jangwani. Hajawahi kuona chakula kikitoka shambani. Asubuhi ile, nadhani, alitoka na chombo chake kwa mazoea, akatazama chini, hakuna kitu.

Tangu Januari nimekuwa kijana huyo. Miaka sita kabla ya hapo nilikuwa fundi wa kulipwa kwa siku kwenye gereji ya magari ya watalii hapa Unga Limited, Arusha, na kilichotulisha hasa ni ovataimu. Julai mpaka Septemba magari yanarudi Serengeti springi zimekatika, shokapu zinavuja, tunakesha chini ya magari. Aprili mvua ikishika, unashinda unafagia. Saa zangu niliandika kwenye kijidaftari cha mfukoni kilichonuka grisi, na mama watoto alikijua ukurasa kwa ukurasa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za ziada zisizidi 50 kwa wiki nne. Julai kijidaftari kilipita hapo, na aliyekuwa akiomba zipite ni mimi.

Nyumbani tuliomba kila usiku. Binti yetu wa darasa la pili alikuwa na ombi lake la kudumu: "Mungu, gia boksi ziharibike nyingi baba apate ovataimu." Tukacheka, tukaitikia amina. Baadaye sana ndipo nikamkumbuka dereva aliyekwama porini usiku na wageni wake, naye anaomba kwa Mungu huyohuyo.

Sasa nina mkataba. Mshahara tarehe 28, makato ya NSSF na kodi yameandikwa kwenye karatasi. Haufikii Agosti yangu nzuri, ila haushuki hata kidogo kufikia Aprili yangu. Nilidhani nitashukuru zaidi. Machi nikagundua wiki tatu zimepita sijaombea riziki. Nimeombea wagonjwa, kwaya, paa la kanisa, kila kitu isipokuwa ugali.

Na kuna jambo sikulitazamia: mana haikukopeka. Sura ya 16 ya kitabu cha Kutoka tunaisoma kwa ajili ya wale walioilaza ikaingia mabuu, lakini pia hakuna aliyeweza kula leo mana ya kesho. Mshahara unaliwa kabla haujafika. Mangi wa dukani, ambaye zamani alinijibu "lete kwanza, kaka," sasa ananifungulia ukurasa bila kuombwa. Februari, tarehe 28 ilipofika, karibu nusu ilikuwa yake. Simlaumu, sukari nilichukua mwenyewe.

Mavuno yale ya kwanza ya Kanaani, tukumbuke, hawakuyapanda wao. Yoshua anawaambia hivyo baadaye, sura ya 24: nchi hamkuitaabikia. Mimi nilipenda kusema mkataba huu ni jasho langu. Ukweli ni kwamba nafasi ilikuwa ya mzee mmoja aliyestaafu Desemba, na yeye ndiye aliyenitaja ofisini. Sikujua. Niliambiwa na mlinzi getini, na mzee mwenyewe bado sijaenda kumwona. Nitakwenda Jumamosi hii, niombeeni nisiahirishe tena.

Juzi usiku binti alikuwa anaomba. Akafika pale pa gia boksi, akanyamaza, akafumbua jicho moja kunitazama. Nikaendeleza mimi: utupe leo riziki yetu. Ilikuwa tarehe 12.