Kabla hujalaumu mtandao, piga hodi kwenye poti ya hifadhidata

Programu ikigoma kuunganishwa na hifadhidata, wengi hukimbilia ping, amri ya kuuliza kama mashine inaitika. Ikijibu, wanasema mtandao uko sawa. Isipojibu, wanasema seva imezimwa. Yote mawili yanaweza kuwa si kweli. Ping hutumia ICMP (itifaki ya ujumbe wa uchunguzi wa mtandao) na haigusi poti yoyote, yaani namba ya mlango ambao huduma husikiliza, na seva nyingi zimefungiwa ICMP huku hifadhidata yake inachapa kazi. Umesalimiana na mlinzi getini tu, mwenye nyumba bado hujamsikia.

Kinachopimwa ni poti yenyewe. PostgreSQL kwa kawaida husikiliza 5432, MySQL 3306, SQL Server 1433, Oracle 1521. Na pima ukiwa kwenye mashine ileile inayoendesha programu. Kama programu iko kwenye seva ya ofisi Posta na wewe unajaribu kwa kompyuta yako ukiwa Mbezi kwa bando la simu, umepima njia nyingine kabisa.

Kwenye Linux (hapa 10.20.0.15 ni mfano wa IP ya seva ya hifadhidata, na -w 5 ni kusubiri sekunde 5):

nc -zv -w 5 10.20.0.15 5432

Kwenye PowerShell ya Windows, kisha uangalie mstari wa TcpTestSucceeded:

Test-NetConnection 10.20.0.15 -Port 1433

Ukitumia jina badala ya IP, andika kwanza getent hosts na jina hilo, uone linaelekea wapi. Jina linaloelekea kwenye IP ya zamani baada ya seva kuhamishwa hupoteza saa nyingi za watu.

Sasa lisome jibu kwa makini, maana kukataliwa na kunyamaziwa ni mambo mawili tofauti.

"Connection refused" ni jibu. Pakiti ilifika mahali na ikarudishwa. Ama hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo, ama fayawoli (kichujio cha miunganisho ya mtandao) imepangwa kukataa waziwazi. Ingia kwenye seva uandike:

sudo ss -ltnp

Ukiona 127.0.0.1:5432, umeshampata mchawi: hifadhidata inasikiliza ndani ya mashine yake tu. PostgreSQL huja na listen_addresses ikiwa localhost, na MySQL ya Ubuntu huja na bind-address 127.0.0.1. Weka IP ya ndani ya seva, kisha uiwashe upya huduma. Kwa listen_addresses, kusomesha upya mipangilio hakutoshi. Tafadhali usiweke 0.0.0.0 (yaani sikiliza kwenye anwani zote) kwenye seva yenye IP ya umma kwa sababu tu una haraka.

"Connection timed out" ni ukimya. Usipoweka -w 5, Linux inaweza kusubiri zaidi ya dakika 2 kabla ya kukata tamaa. Hapa pakiti imemezwa na fayawoli, au haina njia, au IP si sahihi. Amri moja kwenye seva inapunguza kazi nusu:

sudo tcpdump -ni any tcp port 5432

Jaribu tena kutoka upande wa pili. Ukiona [S] (ombi la kuunganishwa) zinaingia na hakuna [S.] (jibu la kukubali) inayotoka, tatizo liko kwenye seva yenyewe, mara nyingi fayawoli yake. Usipoona kitu, pakiti zinaishia njiani, na kuhangaika na mipangilio ya hifadhidata ni kupoteza muda.

Kuna sababu ya ukimya inayozisumbua sana biashara za hapa Dar. Fayawoli ya seva iliyoko kwenye wingu imeruhusu IP ya faiba ya duka la Kariakoo. Faiba ikikatika, ruta inahamia laini ya akiba ya simu, intaneti inaendelea kupatikana, lakini mfumo wa mauzo unaganda. Linganisha IP unayotokea na ile iliyoruhusiwa:

curl -4 ifconfig.me

Usizoee kuiongeza IP ya simu kwenye orodha kila asubuhi. Mitandao ya simu huwapa wateja wengi IP moja ya umma, na hubadilika, kwa hiyo unawafungulia mlango watu usiowajua. Weka WireGuard, ambayo ni VPN (njia ya siri kati ya mashine zako), au angalau pitisha kwenye SSH, muunganisho wa siri wa kuingilia seva (hapa db ni jina la seva yako):

ssh -L 5433:127.0.0.1:5432 mtumiaji@db

Kisha programu iunganishwe na 127.0.0.1, poti 5433.

Baadhi ya makosa ni habari njema. "No pg_hba.conf entry for host", au namba 1130 na 1045 za MySQL, maana yake umeshafika na hifadhidata imeongea nawe. Fayawoli iache, shughulikia ruhusa na nywila. Na ukipima MySQL kutoka seva ileile, andika -h 127.0.0.1. Ukiandika localhost, Linux hupita kwenye soketi ya ndani na mtandao haujapimwa.

Msiweke nc kwenye skripti ya kuichungulia MySQL kila dakika. MySQL huhesabu miunganisho iliyokatwa kabla ya kukamilika, na ikifika 100 mfululizo bila hata mmoja kufaulu, mashine yenu inafungiwa kwa kosa 1129. Tumieni mysqladmin ping. Kwa PostgreSQL ipo pg_isready, ambayo hurudisha 0 ikiwa seva inapokea wageni na 2 ikiwa haijibu.

Mwisho, lile linalochanganya kuliko yote: poti iko wazi, umeingia, swali dogo linajibiwa, ila orodha ndefu inaganda. Kama mnapita kwenye VPN, shuku MTU (ukubwa wa juu wa pakiti inayoweza kupita):

ping -M do -s 1392 10.20.0.15

Baiti 1392 na 28 za vichwa ni 1420, kipimo cha kawaida cha WireGuard. Hapa ICMP inabidi iwe imeruhusiwa. Isipopita, shusha namba kidogo kidogo hadi ipite, ongeza 28, na hiyo ndiyo MTU ya kuandika kwenye handaki la VPN, pande zote mbili.