Mkono Wangu Kwenye Kitanzi

Wengi hudhani anayekata kinyama kilichoota ndani ya utumbo mpana ni daktari. Daktari huongoza kamera. Mpini wa kitanzi cha waya wa umeme, kinachokata, kwetu anaushika muuguzi. Yaani mimi.

Miaka kadhaa nyuma niliwahi kukifunga kitanzi haraka. Kikonyo, yaani shina la kinyama, kilikuwa chembamba, nikaona ni kazi ya dakika moja. Waya ulikata kabla umeme haujauziba mshipa wa ndani, skrini nzima ikawa nyekundu. Zilitumika klipu 3 kuizuia ile damu, nami nikatoka nimelowa jasho.

Basi alipoletwa mzee mmoja mwenye kinyama cha sentimita 3, kikonyo chake kinene kama kidole cha mwisho, nilimwomba dokta tusianze na waya. Nilivuta ampuli ya adrenalini, dawa inayobana mishipa ya damu, miligramu 1, nikaichanganya na mililita 9 za maji ya dripu ya chumvi. Tukadunga kidogo kidogo kwenye kichwa cha kinyama, kisha kwenye kikonyo, tukakaa dakika kama 5 bila kugusa kitu. Kichwa kilichokuwa chekundu kama bibo kikapauka, kikasinyaa. Nilichokuwa nikingoja ni huko kusinyaa, maana kitanzi cha nailoni, kile kinachoachwa ndani kikibana kikonyo, kwenye kichwa kikubwa hujipinda tu na kugoma kupita.

Kilipopita nilikikaza mpaka kichwa kikawa cha zambarau, hapo hapo nikaacha. Ukizidisha, nailoni yenyewe hukata kikonyo. Waya tukauweka juu yake, tukibakiza kisiki cha milimita chache. Kisiki kikiwa kifupi mno, nailoni huchomoka. Nikafunga taratibu, umeme ukitangulia. Hata tone halikutoka.

"Sista, kesho naweza kurudi shamba?" aliniuliza alipozinduka.

"Bado, baba. Hapo panaweza kuvuja hata baada ya wiki 2. Kaa kwa mwanao hapa mjini. Ukiona damu chooni, njoo usiku huohuo."

Alinuna, ulikuwa msimu wa palizi. Aspirini ya moyo tulimwachia aendelee nayo, ila diklofenaki, dawa za maumivu ya goti, alizokuwa akijinunulia dukani, nilimwambia aziweke kando. Za goti ndizo zilizomuuma kuziacha.

Siku ya 15 alinipigia simu. Alikuwa tayari ndani ya basi.