Neno "Ikiwezekana"

Tulikuwa wachangiaji watano wa programu huria ya kutunza orodha za vitabu katika maktaba ndogo, na jioni ile sentensi moja ilituweka kwenye simu kwa saa tatu.

Kwa miaka miwili hatukuwa na dhamira iliyoandikwa. Leseni tulikuwa nayo, GPL toleo la 3, inayotumiwa na programu huria nyingi, nami niliamini inatosha. Lakini leseni inamweleza mtu ana haki gani juu ya msimbo. Haisemi programu yenyewe tunamtengenezea nani. Kwa hiyo kila badiliko kubwa lilifufua ugomvi uleule. Mmoja anataka programu iwe nyepesi, mwingine anataka kila kitu kihamie kwenye seva, na wote wawili wana hoja.

Rasimu ya kwanza niliiandika mimi: "Tunatengeneza programu bora ya maktaba kwa ajili ya kila mtu." Niliipenda sana. Dada aliyekuwa akituandikia mwongozo wa watumiaji akauliza kwa upole, "Sasa hii inatukataza kufanya nini?"

Hakuna aliyejibu.

Ndipo akatufungulia Mkataba wa Kijamii wa Debian, mradi unaotengeneza mfumo huria wa kuendesha kompyuta, uliopitishwa mwaka 1997. Akatusomea pale wanapoahidi kwamba mfumo wao utabaki huria kwa asilimia 100, kisha pale wanaposema hawatayaficha matatizo, na kwamba taarifa za hitilafu zitakuwa wazi kwa umma wakati wote. Hizo ni ahadi ambazo mtu akizivunja ataonekana. Yangu ingevunjwaje?

Tukafuta, tukaanza upya, vishale vitano vikikimbizana kwenye waraka mmoja. Mambo mengi yalipita haraka. Tulikwama kwenye maneno mawili: "bila intaneti".

Niliyekwamisha ni mimi. Kwa miezi minne nilikuwa nimejenga sehemu ya kuoanisha data kupitia seva, na katika tawi langu, yaani nakala ya msimbo niliyokuwa nikiifanyia kazi kando, mtandao ukikosekana programu haifunguki. Nikaongeza neno moja: "ikiwezekana bila intaneti".

"Na nani ataamua kwamba imeshindikana?" dada akauliza.

Nikajitetea kwa maneno mengi. Kisha akazungumza mkutubi aliyekuwa akitutafsiria programu, mtu ambaye kwa kawaida hasemi kitu mikutanoni. "Mtandao ukikatika, watoto wanasimama mbele ya meza yangu na vitabu mkononi. Siwezi kuwaandikia. Wanavirudisha rafuni."

Kishale changu kilikuwa bado kinapepesa mwishoni mwa lile neno. Nikalifuta herufi moja moja, wenzangu wote wakiangalia.

Sentensi tuliyokubaliana ni hii: "Tunawatengenezea wakutubi wa maktaba ndogo programu inayofanya kazi kwenye kompyuta ya zamani, bila intaneti, na ambayo yeyote anaweza kuisoma, kuibadili na kuigawa." Ni ndefu kidogo, na neno "bora" halimo. Naiheshimu kuliko chochote nilichowahi kuandika kwenye mradi ule, ingawa ni ya watu watano.

Asubuhi yake nikalifunga mwenyewe ombi langu la kuunganisha lile tawi na programu kuu. Kwenye sababu nikaandika: haliendani na dhamira. Kisha nikafungua tawi jipya, nikaanza kuandika namna ya kuoanisha data kwa faili inayobebwa kwenye flashi.