Wale wanaume 12 wa 12 Angry Men walitoka wapi na wakaishia wapi

Watu wakiiongelea 12 Angry Men ya mwaka 1957 wanamtaja Henry Fonda, yule mjumbe namba 8 anayewapinga wenzake wote peke yake, wanamtaja dairekta Sidney Lumet, basi, stori imeisha. Fonda nampenda sana, lakini ile muvi hakuibeba peke yake. Imebebwa na wanaume 12 waliofungiwa chumba kimoja chenye joto kali, wajumbe wa juri, yaani raia wa kawaida walioitwa mahakamani, wanaamua kama kijana anayeshtakiwa kumuua baba yake apelekwe kwenye kiti cha umeme au aachiwe. Ukimfuatilia mmoja mmoja, alikuwa anafanya nini kabla na akafanya nini baada, ndo unaelewa kwa nini ile meza ina nguvu vile.

Karibu wote ni watu wa steji. Thieta ya New York, halafu TV ya laivu ya miaka ya 50, ambayo nayo ilikuwa thieta tu yenye kamera, maana ukisahau maneno hakuna kurudia, watu wameshakuona majumbani kwao. Yaani stori yenyewe ilianzia huko, Reginald Rose aliiandika kwa ajili ya TV na ikaoneshwa laivu kwenye kituo cha CBS mwezi Septemba 1954. Lumet naye alikuwa dairekta wa TV na hii ndo ilikuwa muvi yake ya kwanza.

Na ilibidi wawe watu wa aina hiyo. Hela ilikuwa kidogo, kurekodi kulichukua kama wiki tatu tu, kwa hiyo ili wasipoteze muda wa kuhamisha mataa Lumet alikuwa anaweka mwanga upande mmoja wa meza halafu anarekodi kila kitu kinachotokea kwenye viti vya upande ule, mwanzo wa stori mpaka mwisho, ndipo anahamia upande mwingine. Maana yake ni kwamba ukiona watu wawili wanafokeana uso kwa uso, inawezekana huyu alifoka leo na mwenzake akaja kumjibu siku kadhaa baadaye! Na hasira ikutane palepale, sauti ikutane palepale. Waliweza kwa sababu kabla ya kurekodi walifanya mazoezi wiki mbili nzima kama wanaandaa mchezo wa jukwaani, na mtu aliyezoea kuigiza mchezo uleule kila usiku anajua kubeba hisia moja akairudisha ilivyokuwa.

Sasa tumchukue Lee J. Cobb, mjumbe namba 3, yule baba mwenye hasira. Mwaka 1949 huyu ndiye alikuwa Willy Loman wa kwanza kabisa kwenye mchezo wa Death of a Salesman huko Broadway, kwenye mathieta makubwa ya New York, baba aliyevunjika moyo, ana mgogoro na mwanae. Miaka nane baadaye amekaa kwenye meza ya juri na ni baba tena, ana mgogoro na mwanae tena. Iangalie ile sini ya mwisho pale anapotoa walleti aonyeshe karatasi zake za ushahidi, picha ya yeye na mwanae inatokeza mezani, anaiona, anaichanachana, na katikati ya kuichana anagundua anafanya nini. Mikono inafika kabla ya akili. Halafu anaanguka juu ya meza analia. Mtu anaweza kusema amezidisha, mimi nasema hapana, pale unaona miaka yote ya steji imekusanywa kwenye viganja viwili.

Lakini Cobb ana ukurasa mwingine. Kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa inasaka wakomunisti ilimwandama, akakataa kwa muda, na mwaka 1953 akakubali kutoa ushahidi na akataja majina ya wenzake. Kwenye meza hiyohiyo kuna George Voskovec, namba 11, yule fundi saa mhamiaji mwenye adabu nyingi. Huyu jamaa kwao Prague, Chekoslovakia, alikuwa staa mkubwa, yeye na Jan Werich waliendesha thieta ya vichekesho iliyokuwa inawashambulia mafashisti waziwazi, ikafungwa mwaka 1938, 1939 wakakimbilia Marekani. Vita vikaisha akarudi kwao, wakomunisti wakashika nchi, akaondoka tena, na alipofika New York mwaka 1950 maafisa wa uhamiaji wakamzuia pale Ellis Island kwa miezi mingi kwa kumshuku kwamba ni... mkomunisti. Aliachiwa 1951.

Kwa hiyo mtu huyo ndiye anayesimama kwenye muvi kuwaeleza wenzake kwamba nchi hii ina nguvu kwa sababu watu wasiojuana wanaitwa kwa barua waje waamue juu ya mtu wasiyemjua, hawana cha kupata wala cha kupoteza. Kila nikifika hapo nasimamisha kidogo. Na kuna pale Jack Warden, namba 7, aliyebeba tiketi za besiboli mfukoni, anabadilisha kura yake ili tu waondoke mapema, Voskovec anamwendea anamuuliza yeye ni mtu wa aina gani. Hapigi kelele. Anataka jibu kweli. Warden aliyewahi kuwa bondia na mwanajeshi wa miavuli anajikunyata kama mtoto, na hapo ndo utajua Warden ni mwigizaji mzuri kiasi gani maana kukubali kuonekana mdogo mbele ya kamera si kazi rahisi. Baadaye alipata nominesheni mbili za Oscar, Shampoo na Heaven Can Wait.

E.G. Marshall, namba 4, yule dalali wa hisa, yeye ni kinyume cha Cobb. Chumba kizima kinatiririka jasho, yeye koti halitoki mwilini na anamwambia mwenzake kwamba huwa hatoki jasho. Fonda anaanza kumuuliza taratibu muvi alizoenda kuangalia siku chache nyuma, jina la ya pili, nani aliigiza, anababaika kidogo tu na jasho linatokea kwenye paji la uso, anatoa leso anajifuta. Ndo basi. Hakuna muziki, hakuna mtu anayelitaja. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa Broadway kwenye Waiting for Godot, mchezo ambao kukaa kimya ni nusu ya kazi, na inaonekana kabisa.

Baada ya hapo Rose akaandika mfululizo wa TV wa mawakili, The Defenders, 1961 mpaka 1965, akampa Marshall uongozi na Marshall akashinda Emmy mbili, zile tuzo kubwa za TV. Na humo humo Jack Klugman, namba 5, yule kijana wa mtaani anayewaonyesha wenzake kisu cha kukunja kinashikwaje, alikuja kuigiza episodi inayoitwa Blacklist, habari ya mwigizaji aliyenyimwa kazi miaka na miaka kwa tuhuma za ukomunisti, akapata Emmy mwaka 1964. Yaani lile jambo lililompitia Cobb na lililomfungia Voskovec likaja kuigizwa na mwenzao wa meza moja. Kwangu mimi hili ndo jambo kubwa kuliko yote kwenye historia ya hawa watu na silioni likitajwa.

Klugman alikuja kuwa maarufu kweli miaka ya 70 na vipindi vya TV, The Odd Couple halafu Quincy. Mwaka 1989 akafanyiwa upasuaji wa saratani ya koo, sauti ikapotea. Mwigizaji bila sauti! Akajifunza upya kutoa sauti ile ya kukwaruza, na mwaka 1993 akarudi Broadway. Alifariki Desemba 2012, wa mwisho kati ya wale 12.

Oscar? Muvi yenyewe ilipata nominesheni tatu na haikushinda hata moja, na hakuna mwigizaji wake hata mmoja aliyeteuliwa. Zilikuja kupitia milango mingine. Ed Begley, namba 10, yule mbaguzi ambaye wenzake wanainuka mmoja mmoja wanampa mgongo anavyoendelea kuropoka, alishinda ya mwigizaji msaidizi kwa Sweet Bird of Youth ya 1962. Martin Balsam, mwenyekiti wa juri, akashinda hiyohiyo kwa A Thousand Clowns ya 1965, japo wengi wanamkumbuka kama yule mpelelezi anayeanguka ngazi kwenye Psycho. Fonda mwenyewe, aliyekuwa prodyuza wa muvi hii pamoja na Rose, alisubiri mpaka 1982 akiwa mgonjwa, miezi michache kabla ya kufariki.

John Fiedler, namba 2, yule mwenye sauti nyembamba, wengine mlimsikia utotoni bila kujua maana tangu 1968 ndiye alikuwa sauti ya Piglet kwenye katuni za Winnie the Pooh, karibu mpaka mwisho wa maisha yake 2005. Mtu huyohuyo mwaka 1959 alikuwa kwenye A Raisin in the Sun pale Broadway, yule mzungu anayekuja kwa upole kabisa kuihonga familia ya watu weusi isihamie mtaa wao, akarudia kwenye muvi 1961. Upole uleule, sauti ileile, na hapa unatisha. Robert Webber, namba 12, na Edward Binns, namba 6, hawakupata umaarufu huo ila walifanya kazi mfululizo mpaka uzeeni, ukiangalia muvi za Marekani za miaka ya 60 na 70 utazikuta hizo sura kila mahali, mwanajeshi, polisi, bosi wa ofisi.

Nimemwacha Joseph Sweeney, namba 9, yule mzee wa kwanza kumuunga mkono Fonda na ndiye anayeziona alama za miwani kwenye pua ya Marshall. Yeye na Voskovec ndio pekee waliokuwa kwenye ile ya laivu ya 1954 wakachukuliwa kwenye muvi kwa nafasi zilezile. Nusu ya rekodi ya ile ya TV ilipotea kwa miaka mingi, nakala kamili ikapatikana 2003. Namba 8 pale, nafasi ya Fonda, ni Robert Cummings, namba 3, nafasi ya Cobb, ni Franchot Tone, ni nzuri lakini inakimbia sana maana ni saa moja tu. Itafute, mwangalie Sweeney humo kwanza halafu ndo uje kwenye ya 1957, uone mzee alivyopewa muda wa kumtazama mtu.