Shemeji, Haidromita na Kata ya Mbege

Desemba 2022 shemeji yangu, mume wa dada, alivuka mpaka wa Holili akitokea Nairobi na begi zito kuliko la mtu anayekwenda kilele cha Uhuru. Lilikuwa na kamera, pawabenki, paneli ndogo ya sola, kipimajoto cha kuchovya, na chupa za bia za watengenezaji wadogo wa kwao, kila moja imevalishwa soksi isivunjike. Droni ilibaki kwangu Moshi nilipomwambia kuwa hifadhini hairushwi bila kibali. Alinung'unika hadi Himo.

Kilichomleta ni habari ya Agosti mwaka ule, kwamba intaneti ya kasi imefikishwa Horombo, kambi ya wapanda Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. "Shem, mlima wenu umetushinda hata sisi wa mtaani," alisema. Lakini Horombo hatukufika. Tulipanda kambi ya chini yake, Mandara, tu, mita 2,720, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kwa sababu mapafu yangu ni ya mtu wa ofisini.

Nakiri njia ile inafaa kwa wenye kamera. Kutoka geti la Marangu unaingia moja kwa moja msituni, miti imeota kuvu na ndevu za kijivu, na kando ya vijito kuna lile ua dogo jekundu na njano lenye umbo la mkonga, ambalo haliko mahali pengine duniani ila Kilimanjaro. Shemeji alilipiga picha akiwa amelala kifudifudi kwenye tope. Mbega walipopita juu yetu na mikia yao myeupe, lenzi ilikuwa bado inaangalia chini. Mwongozaji wetu alicheka hadi akakaa.

Tuliposhuka, magoti yakitetemeka, nikampeleka kwa bibi mmoja wa Marangu anayepika mbege. Kwangu mimi, kama kuna bia ya ufundi wa mkono, ni hii. Ndizi mbivu huchemshwa mpaka ziwe nyekundu, zikaachwa siku kadhaa zichachuke. Hayo maji yake ndiyo nyalu. Pembeni ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, hupikwa uji, na gome la msesewe huleta uchungu. Vikichanganywa, kesho yake watu wanakunywa. Zile bia za kwenye soksi hupata uchungu kwa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia. Wakubwa wa Kichaga walikuwa na mti wao.

Shemeji aliamkia, akapokea kata, akaonja, akanyamaza. Kisha akatoa haidromita. Kifaa hicho huelea juu kwenye kinywaji chenye sukari nyingi, na kadiri sukari inavyogeuka kilevi ndivyo kinavyozama. Kwenye mbege, ule unga wa ulezi ulikishika, kikaegemea kando kama mlevi, na namba iliyosomeka ilikuwa ya kinywaji ambacho hakijaanza hata kuchachuka.

"Mjukuu wangu, hicho kinapima nini?"

"Ukali wake, bibi."

"Ya leo bado tamu. Ukitaka ukali, rudi keshokutwa."

Kilichonishangaza ni kipimajoto. Bibi alikuwa na pipa la uji linalopoa, maana nyalu ikimiminwa kwenye uji wa moto, pombe inakufa. Yeye huchovya kidole. Shemeji akachovya kipimajoto, bibi akachovya kidole, akasema, "Bado." Tukapiga soga, wakarudia. "Bado." Mara nyingine akaitikia kwa kichwa: "Sasa." Kioo kilisoma nyuzi 34. Shemeji akaandika kwenye simu haraka, na bibi akakishika kile kipimajoto, akakigeuza, akauliza kinakula betri gani. Alipoambiwa ni zile ndogo za duara, akakifunga kwenye pindo la kanga. Hakuna aliyethubutu kukidai.

Shemeji alirudi kwao akajaribu kupika mwenyewe kwa ndizi za dukani. Sasa kila wiki ananiomba nimtumie gome la msesewe kwa basi. Nimemjibu avuke Holili mwenyewe aje alichukue. Dada naye amenipigia kuniambia nisithubutu kutuma hata kipande, sufuria yake kubwa ya pilau mpaka leo inanuka.